Kabla ya kununua Land Rover ya zamani, mlipe fundi wako kwanza

Mavuno yakishauzwa katika wilaya za Mbulu na Hanang, fedha za vitunguu saumu, mbaazi, ngano na maharage hazikai muda mrefu bila kupangiwa kazi. Wapo wanaojenga, wapo wanaolipa karo, na wapo wanaotafuta usafiri wa mizigo. Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo wa Dongobesh, Haydom, Basotu au Endasak, usafiri huo mara nyingi si gari jipya. Ni Land Rover ya zamani, 109 ya miaka ya 1970 au 110 ya miaka ya 1980 na 1990, ambayo imeshapita mikononi mwa wamiliki watatu au wanne.

Sina ugomvi na uamuzi huo. Lami ya kutoka Babati kupitia Katesh hadi Singida imerahisisha mambo mengi, lakini mazao hayalimwi juu ya lami. Ukiiacha barabara kuu na kuingia vijijini wakati wa masika, udongo mweusi wa mbugani unakamata gari dogo mchana kweupe. Land Rover 109 inabeba takriban tani moja, inapita kwenye korongo, na fundi wa kijijini mwenye spana za kawaida anaweza kuifungua na kuifunga. Wanaotucheka kwamba tunanunua makumbusho hawajawahi kushusha gunia la saumu mabegani kwa sababu gari limekwama.

Ugomvi wangu ni na namna tunavyoinunua. Mtu wa Hanang akienda mnadani kununua dume la kulimia, hununui kwa kutazama ngozi tu. Unamfungua mdomo uone meno, unamtembeza, unatazama kwato, unauliza ametoka boma la nani na kwa nini anauzwa. Lakini mtu huyo huyo, akiwa na fedha za madume kumi mfukoni, anasikiliza injini ikinguruma dakika tano, anazungushwa kijijini mara moja, anakaribishwa chakula, na jioni analala na gari lisilo lake kwa sheria au lenye chesisi iliyooza.

Kisingizio huwa kwamba tulikwenda na fundi. Ndiyo, fundi alikuwepo. Swali ni nani aliyemlipa. Mara nyingi fundi huyo ni rafiki wa dalali, na kipande chake cha "cha juu" kinatoka kwenye bei ile ile unayolipa wewe. Gari lisiponunuliwa hapati kitu. Simtukani fundi yeyote. Ninasema tu kwamba mtu anayekula pale biashara inapokubaliwa hawezi kuwa ndiye wa kukushauri uikatae. Fundi wa mnunuzi alipwe na mnunuzi, alipwe kabla ya kuliona gari, na alipwe kiasi kile kile hata akisema "mzee, hili liache".

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko miaka iliyopita. Oktoba 2024 lilifanyika tamasha la Land Rover jijini Arusha, na msururu wa magari hayo ulijaza barabara. Lilikuwa jambo la kufurahisha. Matokeo yake ni kwamba kila mwenye 109 iliyokuwa ikitagiwa mayai na kuku nyuma ya nyumba sasa anajiona ana hazina. Kiwanda cha Solihull, Uingereza, kilifunga uzalishaji wa Defender ya zamani Januari 29, 2016, na habari hiyo nayo wauzaji wameishika. Wanasema halitengenezwi tena, kwa hiyo bei ni hii. Gari kuacha kutengenezwa hakulifanyi lililopo kuwa zima.

Wauzaji wana neno jingine wanalolipenda: "Land Rover haifi." Neno hili lina asili yake, na ni vizuri mnunuzi aielewe kwa sababu ndani yake kuna mtego. Land Rover ya kwanza ilipoonyeshwa hadharani Amsterdam mwezi Aprili 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Waundaji wakatengeneza bodi kwa mabati ya aluminiamu. Aluminiamu haishiki kutu kama chuma. Ndiyo maana unaweza kukuta Land Rover yenye miaka hamsini, mabawa yake yamenyooka, milango inang'aa baada ya rangi mpya, na ukaamini kwamba gari lote liko hivyo.

Lakini chini ya bodi hiyo kuna chesisi ya chuma. Tena si chuma kigumu kizima, bali ni mabati ya chuma yaliyounganishwa kama boksi refu lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia kwenye matundu yake, hukaa humo, na kutu huanza ndani ikija nje. Siku unapoiona kwa macho, imeshakula sehemu kubwa. Kwa hiyo Land Rover inazeeka kinyume na magari mengine: uso unabaki kijana, mifupa inakwisha. Mtu anayekagua Land Rover kwa kuzunguka nje na kugonga milango anakagua sehemu pekee isiyooza.

Basi kazi ya kwanza ni kuvaa ovaroli na kulala chini. Chukua nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi kuanzia mbele hadi nyuma, pande zote mbili. Chuma kizima hulia kwa mlio mkali. Kilichooza hutoa mlio mfu, kama kugonga debe lenye unga. Palipo na mlio huo chokonoa kwa bisibisi. Sehemu zinazokwisha mapema ni boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na mahali springi zinaposhikiliwa. Usisahau ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Huo nao ni wa chuma, na kona zake za chini, miguuni mwa dereva na abiria, hukaa na tope mwaka mzima. Inua mkeka uone.

Ukikuta chesisi imepakwa lami nyeusi nzito, mpya, siku chache kabla ya mauzo, uliza kwa nini. Inaweza kuwa kinga ya kweli. Inaweza pia kuwa kifuniko cha vipande vya bati vilivyochomelewa juu ya kutu bila kukata sehemu iliyooza. Kuchomelea si dhambi. Chesisi iliyokatwa vizuri na kuwekewa chuma cha unene unaofaa itafanya kazi miaka mingi. Kubandika bati juu ya uozo ni jambo jingine, kwa sababu kutu inaendelea chini yake na mzigo wa tani moja utaikumbusha siku moja kwenye mteremko. Muuzaji akikataza kukwangua lami hiyo hata sehemu ndogo, ukaguzi umeshakwisha na jibu umeshalipata.

Uliza pia gari lilikuwa likifanya kazi gani. Lililobeba chumvi au magadi, au lililoishi karibu na maji ya chumvi kama yale ya Ziwa Balangida, chesisi yake itazamwe mara mbili. Na kuna jambo ambalo si rahisi kulisema, lakini lazima lisemwe. Desemba 3, 2023 tope na mawe kutoka Mlima Hanang vilishuka Katesh na vijiji vya jirani, watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha na mali nyingi zikafukiwa. Simsemi mtu yeyote aliyepatwa na msiba ule. Nasema tu kwamba gari lolote lililowahi kuzama kwenye tope, liwe la Katesh au la kwingine, halirudi kuwa kama zamani kwa kuoshwa. Fungua boliti ya kujazia oili kwenye difu na gia boksi, chovya kidole. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yaliingia. Tazama nyuma ya dashibodi na chini ya viti. Tope kavu lenye unga laini mahali ambapo tope la barabarani haliwezi kufika linaeleza lenyewe.

Kuna ujanja mwingine wa kutambua umri. Kwa kuwa 110 ina bei kuliko 109, wapo wanaoivalisha 109 sura ya mbele ya 110, pamoja na mabawa na grili, na kuiuza kwa jina hilo. Sura isikupe shida, inama utazame springi. 109 ina springi za bapa, zile zilizopangwa kama majani. 110, iliyoanza kutoka mwaka 1983, ina springi za kuzunguka kama waya wa kalamu. Anayekuuzia "110" yenye springi za bapa anakuuzia 109 iliyovaa shati jipya, na bei iwe ya 109.

Sasa tuje kwenye karatasi, kwa sababu gari zima lenye kadi mbovu ni baya kuliko gari bovu lenye kadi safi. Bovu utalitengeneza, la kadi mbovu litachukuliwa barabarani na fedha yako haitarudi.

Namba ya chesisi ya Land Rover haipo kwenye kadi tu. Imegongwa kwenye chesisi yenyewe, upande wa kulia mbele: kwa 109, ni karibu na pale ncha ya springi inaposhikwa, kwa 110, ni kwenye boriti ya chesisi karibu na gurudumu la mbele. Ipo pia kwenye kibati kidogo kilichopigwa ripiti, ama ndani ya kabini ama mbele chini ya boneti, kutegemea umri wa gari. Namba hizo mbili na ile ya kadi lazima zilingane, tarakimu kwa tarakimu. Kibati peke yake si ushahidi, kwa sababu kinang'olewa kwa dakika mbili na kupigwa kwenye gari jingine. Ndiyo njia kuu ya udanganyifu kwenye magari ya zamani: mtu ana kadi halali ya gari lililokufa zamani, anatafuta gari lisilo na karatasi, anahamisha kibati na kadi, na gari la wizi au la magendo linapata jina la marehemu.

Kwa hiyo safisha mahali penye namba kwa brashi ya waya na mafuta ya taa. Weka karatasi nyeupe juu yake na usugue kwa penseli hadi namba ijichore. Nenda nayo nyumbani, itazame kwa utulivu. Je, herufi zina ukubwa mmoja na zimekaa kwenye mstari? Kuna alama za jiwe la kusaga? Kipande chenye namba kimechomelewa kutoka kwingine? Gari la kuanzia miaka ya 1980 litakuwa na namba yenye herufi na tarakimu 17, zinazoanza na SAL, na ndani yake hutakuta herufi I, O wala Q. 109 za miaka ya 1970 zina namba fupi zaidi, ya tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Gari linalodaiwa kuwa la mwaka 1975 lenye namba ya herufi na tarakimu 17 lina hadithi ambayo muuzaji hajakusimulia.

Namba ya injini nayo ilinganishwe na kadi, ingawa hapa ninashauri uvumilivu. Land Rover nyingi za zamani kaskazini mwa nchi hazina injini yake ya kwanza. Zimewekewa ya Isuzu, Nissan au Toyota, na si kosa ilimradi mabadiliko yameripotiwa na kuandikwa kwenye kadi. Kama hayajaandikwa, mzigo huo unahamia kwako siku unaponunua. Mwambie muuzaji arekebishe kwanza, yeye ndiye mwenye kadi na ndiye anayejua injini ilitoka wapi. Na wewe uone risiti ya injini hiyo.

Ukishapata namba zote, usilipe bado. Nenda ofisi ya Mamlaka ya Mapato, TRA, wewe mwenyewe na muuzaji, ukahakikishe kwamba kumbukumbu za usajili zinafanana na ulichokiona chini ya gari na kwamba jina ni la huyo anayekuuzia. Kwa mtu wa Mbulu kufunga safari hadi Babati kwa ajili hiyo kunaweza kuonekana usumbufu, lakini uhamisho wa umiliki utakupeleka TRA vyovyote vile, pamoja na namba za mlipakodi za pande zote mbili. Bora kwenda fedha ikiwa bado mfukoni mwako. Faini za barabarani ambazo hazijalipwa huonekana kwenye mfumo wa Polisi kwa kuingiza namba ya gari, na bima huhakikiwa kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kwa simu ya kawaida yenye intaneti. Vijana wenu wanajua. Kwa upande mwingine, anayekusifia kwamba leseni ya barabara imelipwa anakusifia kitu kisichokuwepo: ada ile ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta.

Muuzaji asiye na kadi halisi, mwenye nakala tu, huwa na maelezo mawili. Ama kadi imepotea, ama "ipo mahali". Iliyopotea ina utaratibu wake, kuanzia taarifa ya polisi hadi TRA kutoa nyingine, na utaratibu huo aufuate yeye kabla hujalipa. Ile iliyopo mahali mara nyingi ipo kwa mkopeshaji. Fedha yako isiende kwa muuzaji kwa matumaini kwamba ataikomboa. Nendeni wote kwa mkopeshaji, deni lilipwe mbele yako na kadi itoke mbele yako.

Kuna magari mengine ambayo jina lake la zamani ndilo linalouza. "Lilikuwa la misheni." "Lilikuwa la mradi." Katika wilaya hizi neno misheni lina uzito, na ni haki yake, hospitali ya Haydom, kwa mfano, ilianzishwa na Walutheri wa Norway mwaka 1955, na watu wa kizazi hicho walijifunza kutunza gari kwa sababu kipuri kilitoka mbali. Lakini padre au mchungaji aliyetumia gari mwaka 1985 hawezi kuwajibika kwa dereva wa 2015. Kama kweli lilikuwa la misheni, mauziano yale yana karatasi. Omba kuziona.

La mradi lina hatari yake pekee. Magari mengi ya miradi ya wafadhili, yale ya namba za DFP, yaliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Yakiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Ukilinunua bila ushahidi kwamba kodi hiyo imelipwa, umenunua gari na deni la serikali pamoja. Vivyo hivyo gari la mashirika ya umma au la serikali lililopita kwenye mnada: dai hati za mnada, risiti ya malipo, na kadi mpya ya namba binafsi. Maelezo ya mdomo kwamba lilitoka mnadani hata mwizi anayo.

Nimeacha makusudi gari la marehemu lije hapa, kwa sababu ndilo linaloleta machozi zaidi vijijini kwetu. Wazee wengi walionunua Land Rover enzi zao wametangulia mbele ya haki, na kadi bado zina majina yao. Gari linakaa chini ya mti miaka mitano, kisha mtoto mmoja anatafuta mteja. Anajua historia yake yote, ana funguo, ana kadi halisi, na majirani wote wanathibitisha kwamba ni mtoto wa mwenye gari. Hata hivyo hana mamlaka ya kuuza. Mwenye mamlaka ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwa familia nyingi Mahakama ya Mwanzo inatosha. Bila hati hiyo TRA haitakuhamishia umiliki, na siku mama, dada au ndugu aliyeko Dar es Salaam atakapohoji, wewe ndiye utakayekuwa mshtakiwa mwenye gari la watu. Omba hati ya usimamizi, kaeni na mjane na watoto wakubwa, waweke saini mbele ya mashahidi. Anayekuharakisha katika jambo hili anawakimbia ndugu zake.

Nikirudi kwenye chuma, injini nitaieleza kwa ufupi kwa sababu ndiyo sehemu ambayo kila mtu anadhani anaijua. Fika asubuhi na mapema, bila kutangaza saa, uweke mkono juu ya injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, imeshapashwa, na hutajua inawakaje kwenye baridi ya Mbulu alfajiri. Subiri ipoe. Ikiwaka, moshi mweusi unaodumu unaeleza habari za mafuta na hewa, wa bluu unaeleza oili inayoungua, mweupe usiokoma injini ikishapata moto unatisha zaidi. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma. Moshi ukitoka kwa nguvu kama chungu kinachochemka, pistoni na silinda zimekwisha. Kwa wenye 300Tdi, swali ni moja: ukanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na kwa risiti gani? Ukikatika safarini, injini inaweza kuharibika hapo hapo. Kuhusu Td5, ni injini nzuri, lakini ina kompyuta, na mimi kwa shughuli za vijijini Hanang ningebaki na 300Tdi au dizeli ya zamani zaidi.

Halafu lipeleke mlimani. Kulizungusha kwenye uwanja wa mpira si majaribio. Panda nalo kutoka Dareda kwenda Dongobesh, au teremka Magara, likiwa na magunia nyuma na fundi wako akiwa kwenye usukani. Gia ikiruka wakati wa kuteremka, klachi ikiteleza wakati wa kupanda, stelingi ikitikisika, breki zikivuta upande mmoja, mlima utasema yote. Ukirudi, lala tena chini uone kinachovuja na tazama ndani ya kila gurudumu, kwa sababu breki za 109 ni za ngoma na hupenda kuvujisha kimya kimya. Ingiza pia gia ya kuvuta magurudumu yote manne, kwenye udongo mlaini. Nimeona 109 kadhaa ambazo propela shafti ya mbele ilishatolewa kabisa, na muuzaji bado anaisifia gari kwa kupita kwenye tope.

Suala la vipuri wenyeji wa Hanang hawahitaji kufundishwa. Mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO upande wa Basotu yaliendeshwa miaka ya 1970 na 1980 kwa msaada wa Canada, kwa mashine kubwa kutoka Amerika Kaskazini. Mgogoro wake wa ardhi na Wabarbaig ni habari nyingine inayostahili makala yake. Msaada ulipokoma, tulijifunza kwamba mashine ni nzuri kwa kadiri kipuri chake kinavyofikika. Land Rover ina bahati, kwani vipuri vyake vingi vinapatikana Arusha. Lakini gari lenye injini ya Toyota, gia boksi ya Land Rover na difu ya sijui nini litakufanya uzunguke maduka matano kutafuta kifaa kimoja. Kabla ya kupatana bei, fundi wako aandike orodha ya vinavyohitaji kubadilishwa, upige simu Arusha upate bei zake, ndipo urudi kwa muuzaji na karatasi mkononi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme muuzaji anataka milioni 14. Fundi uliyemtoa mwenyewe, nauli, chakula na ujira wa siku nzima, akakugharimu Sh150,000. Hiyo ni kama asilimia moja ya bei. Akigundua boriti ya nyuma imeoza na kingo za springi zinahitaji kukatwa, unaweza kupunguziwa mara kumi ya fedha hiyo, au unaweza kuondoka na milioni 14 zako zote.

Hapa ndipo ninapowageukia viongozi wa Saccos na vyama vya ushirika vya wilaya hizi mbili. Mnakopesha wanachama fedha za kununua magari, na mnadai dhamana ya nyumba na mashamba. Kwa nini hamdai ripoti ya ukaguzi? Chagueni mafundi wawili au watatu wanaoaminika, kila mmoja na saini yake, walipwe na chama na gharama iingie kwenye mkopo. Fedha isitoke mpaka karatasi iwepo, ikiwa na mchoro wa penseli wa namba ya chesisi uliobandikwa juu yake. Gari likifa mwezi wa tatu, mwanachama hatalipa, na mtakachouza ni shamba lake. Mafundi nao wataona kwamba jina zuri lina soko kuliko "cha juu" cha dalali.

Siku ya malipo yenyewe, andikeni mkataba wenye namba zote tatu, ya usajili, ya chesisi na ya injini, mbele ya wakili au kwenye ofisi ya mtendaji, mashahidi wakiwepo kwa kila upande na mke au mume wa muuzaji akijua. Fedha ipite benki ili ibaki na kumbukumbu. Kadi halisi, nakala ya kitambulisho cha muuzaji na funguo zote viwe mikononi mwako kabla hujaondoka, na safari ya TRA ya kuhamisha jina iwe wiki hiyo hiyo, si baada ya mavuno yajayo.